Tilapia wa shavu fupi: kabla hujamwaga dawa bwawani

"Nafuga tilapia Ruai, Nairobi, kwenye bwawa la karatasi nzito ya plastiki, mita 10 kwa 15, maji ya kisima kirefu yenye kina cha mita moja hivi. Miezi mitano iliyopita niliweka vifaranga 1,200, nikaambiwa ni madume watupu. Juzi nilipovuta wavu kupima uzito (wastani gramu 150) niliona kama mmoja kati ya kila wanane shavu lake halifiki mwisho, matamvua mekundu yako nje, wengi upande mmoja tu. Wanakula vizuri na hakuna aliyekufa. Nilipowanunua sikuona kitu. Jirani anasema ni ugonjwa na bwawa zima litaambukizwa; mwingine anasema ni ile homoni ya kugeuza majike. Mwenye duka la dawa kanishauri nimwage chumvi na niwape antibiotiki kwenye chakula. Chakula natengeneza mwenyewe: omena, pumba za mchele, mashudu ya alizeti na unga wa mahindi, vyote napika kama ugali, kisha naanika juani. Je, watapona? Wanalika? Nifanye nini isinirudie?"

Ndugu mfugaji, iweke hiyo antibiotiki kando kwanza. Dawa ya kuua bakteria haiwezi kurefusha mfupa ambao haukukua, na kwa maelezo yako shida yenyewe ni hiyo: kifuniko cha matamvua kilikua kifupi tangu samaki akiwa mchanga. Hawataambukiza wenzao. Wanalika bila wasiwasi wowote. Kupona, kwa maana ya shavu kurudi lilivyopaswa kuwa, hapana. Kwa samaki wa gramu 150 mfupa umeshakomaa ulivyo. Hata hivyo wengi wao wanaweza kufika sokoni na uzito wa maana ukiwatunzia hewa.

Tukubaliane juu ya maneno, maana "shavu" watu huliita lile bamba gumu la nje, na vilevile nyuzi nyekundu za ndani, na hapo ushauri wa madukani hupotea njia. Mimi bamba la nje nitaliita kifuniko, na nyuzi nyekundu matamvua. Sasa lowesha mikono, mshike samaki mmoja, umtazame kwa ubavu. Kifuniko kilichoumbika vibaya kina ukingo safi, kama kitu kilichopigwa msasa. Mara nyingine umejikunja kuingia ndani kama kola ya shati. Hakuna damu wala nyama iliyochakaa. Kidonda cha wavu hakifanani na hicho: ukingo umechanika na kuwa mwekundu, magamba ya karibu yameng'oka, pengine na pezi limeraruka. Kuna hali ya tatu, na hiyo ndiyo ya kukunyima usingizi. Kifuniko ni kizima, kina urefu wake wote, ila kimeinuka na kubaki wazi kwa sababu matamvua chini yake yamevimba. Hapo kuna amonia (sumu ya kinyesi cha samaki), vimelea au bakteria. Huwapata wengi kwa pamoja, pande zote mbili, na chakula hubaki kikielea. Wako wanakula, hawafi, na wengi wana kasoro upande mmoja. Hiyo ni picha ya umbile.

Kwamba hukuona kitu siku ya kununua, sishangai. Kifaranga wa gramu 3 ana kifuniko kisichozidi punje ya dengu, na wewe ulimtazama kwa juu, ndani ya mfuko wa plastiki, akiwa katikati ya mamia ya wenzake. Kasoro hii haionekani kwa juu.

Kifuniko cha samaki ni mifupa minne myembamba iliyopangwa kama vigae, na pembezoni kuna utando laini unaoziba. Mifupa hii haianzi kuwa gegedu, yaani mfupa laini. Huanza kama mkunjo wa ngozi, kisha mwili hutandika nyuzi za kolajeni, kisha juu ya nyuzi hizo hukaa madini ya kalsiamu na fosforasi. Kazi hiyo hufanyika katika wiki za mwanzo za maisha, na wakati huohuo kifaranga lazima apumue. Anafungua mdomo, maji yanaingia. Anafunga mdomo, vifuniko vinatanuka kwa nje na kuyavuta maji yapite kwenye matamvua. Kisha vinajibana na kuyatoa. Kila vinapotanuka, msukumo ndani unakuwa mdogo kuliko nje, kwa hiyo maji ya nje yanausukuma ule ukingo laini uingie ndani. Kwa kifaranga mwenye lishe nzuri ukingo unastahimili. Nyuzi zikiwa dhaifu, unajikunja, na mkunjo ukishapata madini umekuwa mfupa. Kwa samaki wa baharini wanaofugwa kando ya Mediterania, ambako kasoro hii imechunguzwa sana, mkunjo huanzia kona ya juu ya kifuniko kifaranga akiwa bado mchanga sana. Huko imeonekana pia kwamba wachanga wenye mkunjo mdogo wanaweza kunyooka wakikua katika hali nzuri. Wenye mkunjo mkubwa hubaki nao.

Nini kinadhoofisha nyuzi? Mshukiwa wangu wa kwanza daima ni vitamini C. Tilapia ni kama binadamu kwa jambo hili: mwili wake hauwezi kuitengeneza, lazima aile. Bila hiyo, nyuzi za kolajeni hazifungamani sawasawa, na matokeo yake ni vifuniko vifupi, gegedu za matamvua zilizopinda, na migongo iliyokunjamana. Kiasi cha miligramu 50 kwa kilo ya chakula ndicho cha chini kabisa kwa tilapia. Kwa vifaranga ni busara kuweka 200 hadi 300, kwa sababu vitamini hii hufa upesi kwa joto, mwanga na hewa. Gunia la unga wa vifaranga lililokaa miezi sita kwenye stoo yenye paa la mabati lina jina la vitamini C kwenye lebo tu.

Fosforasi ni mshukiwa wa pili, na hii huwatega wanaopunguza omena kwa sababu ya bei na kujaza soya na mashudu. Kwenye mbegu, takriban theluthi mbili ya fosforasi imefungwa kwa namna ambayo tumbo la samaki haliwezi kuifungua. Karatasi ya maabara itasema ipo, samaki ataikosa. Tilapia anahitaji takriban asilimia 0.5 hadi 0.9 ya ile anayoweza kuitumia. Madini ya DCP yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo yana fosforasi karibu asilimia 18, hivyo gramu 20 kwa kilo ya chakula zinaongeza kama asilimia 0.36. Omena mzima, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, ni chanzo kizuri.

Hapa utaelewa pia kwa nini kasoro hii huonekana zaidi kwa vifaranga waliolelewa kwenye matangi ya maji maangavu kuliko waliolelewa kwenye mabwawa ya udongo. Maji ya kijani yana viumbe vidogo na mwani wenye vitamini C na mafuta muhimu; chakula cha mfuko kikipungukiwa, kifaranga hujazia humo. Kwenye tangi safi hana pa kujazia. Ongeza msongamano, juu yake weka uhaba wa oksijeni unaomlazimu kifaranga kupumua kwa nguvu zaidi, na kasoro inapanda.

Je, ni damu ya wazazi? Uchunguzi uliochapishwa 1994 uliwapandisha tilapia wenye nusu ya kifuniko ili kuona watoto watatokaje, na kasoro haikurithiwa. Usiichukue hiyo kuwa ruhusa ya kuzalisha kutoka kwa samaki hao. Kituo kinachozungusha wazazi wachache wa ukoo mmoja miaka nenda rudi hupata vifaranga dhaifu wa kila aina, wasiostahimili upungufu wa chakula au hewa ambao wengine wangeustahimili. Bwawani mwako pia, ukiona vifaranga wamezaliwa humo (huwa hawakosekani majike wachache waliopenya), usiwafanye mbegu ya msimu ujao.

Homoni nayo inabebeshwa zigo lisilo lake. Hupewa vifaranga kwa wiki tatu hadi nne za kwanza kwenye chakula, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo. Ndizo wiki hizohizo kifuniko kinapojengeka, basi lawama inaiangukia kwa kukutana wakati mmoja. Lakini angalia namna chakula hicho kinavyotengenezwa: homoni huyeyushwa kwenye spiriti, inachanganywa na unga, kisha unga hutandazwa mpaka spiriti iruke. Unga uliotandazwa saa nyingi hewani, na mbaya zaidi juani, umepoteza vitamini yake nyingi. Mtu akiniuliza, nitautazama unga kabla ya homoni.

Sasa turudi Ruai. Samaki asiye na kifuniko kizima amepoteza nusu ya pampu yake. Mdomo bado unasukuma maji, lakini ule mvuto wa nyuma umevuja, kama bomba la baiskeli lenye ngozi iliyokatika. Katika maji yenye hewa tele hutaona tofauti kubwa. Alfajiri, hewa ikiwa chini, yeye ndiye wa kwanza kupanda juu kutweta. Na Nairobi ina tatizo ambalo mfugaji wa Mombasa hana: tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu. Kwa nyuzi 25 za joto, maji ya pwani yanaweza kushika takriban miligramu 8.3 kwa lita. Ya hapa takriban 6.7. Hiyo ndiyo dari yako hata mambo yakiwa mazuri. Maji ya kisima kirefu aghalabu hutoka yakiwa na oksijeni kidogo sana na gesi ya kaboni nyingi, kwa hiyo usiyaingize kwa bomba lililozama. Yaangushe kutoka juu yapige mawe au bati lenye matundu.

Azima au nunua kipimo cha oksijeni, upime saa 12 asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Ukipata miligramu 4 au zaidi, samaki wako wanaishi. Kati ya 3 na 4 wenye kasoro wanateseka na kuacha kukua. Chini ya 3, punguza chakula siku hiyo na uwashe pampu ya hewa usiku, hasa kuanzia saa 8. Huna pampu ya hewa? Pampu ya maji inayovuta bwawani na kurusha hewani kama mvua inasaidia, ila panga utafanya nini stima ikipotea, maana hupotea usiku uleule unaoihitaji.

Umeweka samaki 8 kwa kila mita ya mraba. Bila pampu ya hewa, 3 ndio wastani unaoshauriwa hapa nchini. Kwa hiyo hata kama kusingekuwa na shavu hata moja fupi, ningekwambia punguza.

Na ndipo unapofika uamuzi wako. Kuwaua wote wenye kasoro ni hasara bila faida, kwa sababu hawamdhuru mtu. Kuwatenga kwenye tangi lao kunasikika vizuri, lakini unawashika, unawahamisha, unawabana, na kushikwa ndiko kunakowaumiza zaidi: tamvua lililo wazi hugusa wavu, hutoka damu, na fangasi wa pamba nyeupe hupata mlango. Kuwaacha wote hadi gramu 300 kunawezekana ikiwa oksijeni yako ya alfajiri haishuki chini ya 4 na huingii Julai na bwawa limejaa. Baridi ya Juni hadi Agosti hushusha maji chini ya nyuzi 20 na tilapia karibu hasongi mbele. Mimi ningevuna kwa mafungu. Hesabu kwanza: toa samaki 100 bila kuchagua, andika wangapi wana kasoro, kushoto, kulia au pande zote. Ukipata 12 kati ya 100, jua kwamba bwawani wanaweza kuwa asilimia 7 hadi 20. Usikasirikie namba moja. Kisha, katika mvuto wa kwanza wa kuuza, toa wale ambao zaidi ya nusu ya tamvua liko nje na wenye kasoro pande zote mbili. Wasipewe chakula siku moja kabla. Vuta asubuhi kukiwa na ubaridi, kwa wavu laini usio na mafundo. Waliobaki wamepata nafasi, na wewe umepata hela ya chakula.

Kuhusu soko, mama samaki wa Gikomba humfunua samaki na kutazama matamvua ili ajue kama ni mbichi. Tamvua lililokuwa wazi hukauka na kuwa la kahawia mapema, hata samaki akiwa ametoka majini saa moja iliyopita, naye atadhani unamuuzia mzoga. Toa matamvua na matumbo palepale bwawani, osha, weka kwenye barafu, umwambie mnunuzi ukweli. Nyama yake haina tofauti na ya mwenzake. Wenye maduka ya kukaanga hawajali kabisa.

Chumvi je? Bwawa lako lina takriban lita 150,000. Kufikia gramu 3 kwa lita, kiasi kinachompunguzia samaki mzigo wa mwili, ungehitaji kilo 450, yaani magunia tisa ya kilo 50, na maji hayo usingeweza tena kumwagia sukuma wiki. Pakiti mbili za chumvi ya jikoni bwawani ni sadaka tu. Chumvi ina mahali pake kwenye ndoo na pipa la kusafirishia, gramu 3 hadi 5 kwa lita, hasa kwa samaki mwenye tamvua wazi anayehamishwa.

Chakula chako hakikuleta hizi kasoro, kwa sababu vifaranga walipokufikia vifuniko vilishajengeka. Lakini kwa namna unavyokitengeneza, vitamini C ndani yake ni karibu na sifuri: umeipika, kisha ukaianika juani. Samaki wa hivyo kidonda kidogo hakifungi. Badilisha utaratibu. Pika unga wa mahindi peke yake uwe uji mzito wa kugandisha. Ukipoa kiasi cha kuvumilika mkononi, changanya omena aliyesagwa, mashudu, pumba na premiksi ya samaki, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini (ya kuku haina vitamini C ya kutosha, na mara nyingi haina kabisa). Kausha kivulini penye upepo. Vitamini C ya aina iliyofungwa na fosfeti hustahimili zaidi, iulizie hiyo. Ukikosa, saga kidonge cha kawaida cha miligramu 500, koroga na vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, paka kwenye kilo moja ya chakula kilichokwisha kukauka, na ukilishe siku hiyohiyo. Omena wa kununua mnuse: akinuka mafuta yaliyooza, mwache kwa muuzaji. Tengeneza cha wiki mbili au tatu.

Kwa vifaranga wa msimu ujao, nenda mwenyewe na beseni jeupe na jagi la kioo. Waombe wakuchotee 50 kutoka mahali unapochagua wewe, uwatie wachache wachache kwenye jagi, uwatazame kwa ubavu penye mwanga. Unatafuta mwezi mwekundu nyuma ya jicho. Mmoja au wawili kati ya 50 ni kawaida ya maisha. Wanne na kuendelea, ningeondoka. Uliza wana wazazi wangapi, walitoka wapi, na lini waliingiza wapya. Kituo cha kitaifa cha utafiti wa ufugaji wa samaki kilichoko Sagana, Kirinyaga, hufuga tilapia walioboreshwa, na muuzaji mwenye wazazi kutoka huko atakwambia bila kusitasita. Uliza pia wanalisha nini wiki ya kwanza, na uombe kuliona gunia na tarehe yake. Muuzaji anayekasirika kwa swali hilo amekujibu.

Usingoje kuniandikia tena ukiona haya: vifo vinavyoongezeka siku hadi siku, matamvua yaliyofifia au yenye mabaka meupe, pamba juu ya tamvua lililo wazi, vifuniko vizima vinavyobaki vimetanuka, au samaki wanaotweta juu ya maji hata jua likiwa limepanda. Mwite afisa wa uvuvi wa kaunti, au peleka sampuli Kabete, kwenye maabara kuu ya mifugo ya serikali au kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Upper Kabete. Piga simu kwanza wajue unakuja. Beba samaki watatu hadi watano walio hai na wanaoonyesha dalili, kwenye mfuko wenye theluthi moja maji na zilizobaki hewa. Lita moja ya maji ya bwawa kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji hayohayo. Na nusu kilo ya chakula unachowapa. Samaki aliyekufa usiku akaletwa mchana hana maana kwao, wala aliyetoka kwenye friza, kwa sababu matamvua ndiyo ya kwanza kuoza, na vimelea wengi huyahama au kufa mwenyeji wao akifa.